Jinsi ya kusikia ya kale ndani ya muziki wa Naijeria: anza na ngoma, jina la msanii baadae

Chukua hedifoni kwanza. Zozote tu zinazokaa vizuri masikioni, maana spika ya simu itakunyima nusu ya haya ninayotaka kukuonyesha.

Huku kwetu nyimbo za Wanaija zinapigwa kila mahali, kwenye daladala, saluni, kwenye harusi, watu wanaimba mpaka maneno wasiyoyajua maana, na mi mwenyewe nimeimba hivyo miaka mingi nikiamini ni bitsi za klabu tu, vijana wa Lagos wamekaa na laptop wametengeneza basi. Mpaka siku moja nipo na jirani yangu, mama wa Kiyoruba, kabila la kusini-magharibi mwa Naijeria, aliyekuja Dar kwa biashara ya vitambaa, tunasikiliza wimbo, akaniuliza, "Mwanangu, umesikia ngoma imemwita nani?" Mi nimesikia ngoma. Sijasikia mtu ameitwa. Kumbe yeye amesikia jina la mtu na sifa za ukoo wake, kwenye wimbo ule ule, spika ile ile.

Hiyo ilinikaa. Na haya ninayoandika hapa ni njia niliyopita mi mwenyewe kuanzia siku ile, nimeipanga kidogo ili na we usipotee kama nilivyopotea mwanzoni.

Sasa kitu cha kwanza, kabla hujafungua wimbo wowote, fundisha sikio lako toni. Kiswahili chetu hakina toni, neno ni lile lile ukilisema kwa sauti ya juu au ya chini, maana haibadiliki, ndo maana sikio la Mswahili linapita tu hapo bila kusimama. Kiyoruba hakiko hivyo. Kina ngazi tatu, juu, kati na chini, na Wayoruba wenyewe wanafundishana kwa kuimba do, re, mi, do ikiwa chini na mi ikiwa juu. Angalia neno moja: ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha usafiri, gari au mtumbwi, na ọ̀kọ̀ ni mkuki. Herufi ni zile zile kabisa, kinachotofautisha ni sauti imepanda wapi na imeshuka wapi. Kwaiyo ukikosea toni unaweza kusema umeolewa na jembe.

Zoezi lenyewe ni hili: tafuta mtu anayeongea Kiyoruba, au video yoyote ya kufundisha lugha, sikiliza hayo maneno manne alafu usiyatamke, yapige mluzi. Mluzi tu. Kati-kati, kati-juu, kati-chini, chini-chini. Rudia mpaka mtu akikupigia mluzi wewe unajua kataja mume au kataja gari. Usiharakishe hapa, mi ilinichukua kama wiki mbili, na kama wewe nyumbani unaongea Kihaya au Kikuyu au Kilingala utatangulia mbele yangu, kwa sababu hizo lugha zina toni na sikio lako limeshalelewa nazo hata kama hukujua.

Ukishaweza mluzi, sasa unaweza kwenda kwenye ngoma.

Ngoma yenyewe inaitwa dùndún, ina umbo la vinu viwili vilivyogeuziwana matako, kiuno chembamba katikati, ngozi pande zote mbili, na kamba nyembamba za ngozi zimetoka uso mmoja mpaka mwingine kuzunguka mwili wote. Mpigaji anaitundika begani, anaibana kwa mkono huku anapiga kwa kifimbo kilichopinda mbele. Akibana zile kamba ngozi inakaza na sauti inapanda, akiachia inashuka. Hapo umeshaelewa kila kitu: lugha ina ngazi tatu, ngoma inapanda na kushuka, basi ngoma inasema. Haiashirii kama kengele ya shule, inasema sentensi, kwa melodi ile ile ya mdomo.

Utajiuliza, lakini maneno mangapi yana toni zinazofanana, mtu anajuaje? Swali zuri sana na jibu lake ndo siri ya sanaa yote hii. Mpiga ngoma hasemi neno moja moja. Anasema misemo mirefu inayojulikana, methali, majina ya sifa ya ukoo, kitu ambacho msikilizaji ameshakilalia na kuamkia nacho, kwaiyo akisikia nusu anamalizia mwenyewe. Walokele wa upande wa Kisangani, huko Kongo, na wao walikuwa wanafanya hivyo hivyo kwa ngoma zao za gogo lililotobolewa, badala ya kusema "mwezi" wanasema sentensi nzima inayouelezea mwezi. Kwaiyo ngoma inategemea kumbukumbu ya watu. Kizazi kikisahau methali, ngoma nayo inabaki kelele.

Kwenye kundi la dùndún ile kubwa inayoongoza inaitwa ìyá ìlù, yaani mama wa ngoma, na ukiiona utaijua kwa vikengele vidogo vya shaba vilivyozungushiwa usoni, vinaitwa saworo, vinalia chichichi kila akipiga. Kuna kangoma kadogo kama bakuli kanakovaliwa shingoni kakapigwa kwa vipande viwili vya ngozi, hako ni gúdúgúdú, hakapandi wala hakashuki, kazi yake kushika mwendo. Ile ndogo ya kubana unayoisikia sana kwenye bendi za sa hivi ni gángan. Na kazi hii ni ya ukoo. Familia za wapiga ngoma majina yao yanaanza na Àyàn, Ayanwale, Ayantunde na kadhalika, Àyàn ndo mlezi wa ngoma katika dini yao ya asili, kwaiyo ukisoma kwenye majina ya waliopiga kwenye albamu ukaona Ayan fulani, ujue huyo hakujifunza kwenye intaneti.

Zoezi la pili basi: chagua wimbo wowote wa King Sunny Adé, gwiji wa Kiyoruba wa gitaa na bendi kubwa, tafuta wa jukwaani sio wa studio, vaa hedifoni, alafu msahau muimbaji. Msahau kabisa. Fuata ngoma ya kubana peke yake kama unavyomfuata mtu mmoja kwenye umati. Mara ya kwanza utapotezana nayo. Mara ya tatu utagundua kuna kipande inakirudia, na mara nyingi muimbaji akikaa kimya ngoma inajibu, au inatangulia kusema alafu muimbaji anarudia kwa mdomo. Kipande hicho kipige mluzi ukirekodi kwenye simu. Kitunze, tutakirudia.

Sasa tuje kwenye wasanii wa leo, na hapa ushauri wangu ni kwamba usianze zamani ukashuka. Watu wengi wanaandika historia kuanzia mwaka 1930 mpaka leo, unachoka kabla hujafika. We anza na msanii unayempenda sasa hivi, alafu panda juu kwa waliomzaa.

Chukua Asake, muimbaji wa Lagos. Kila mtu anamjua, ile sauti ya kundi la watu wanaoitikia nyuma yake kama uwanja mzima umesimama, na yeye mbele sauti inapindapinda kidogo koo limekaza. Wengi wakaita amapiano ya Lagos kwa sababu ya lile besi la Afrika Kusini ambalo prodyuza wake Magicsticks alilichanganya humo, na ni kweli lipo. Ila ukiondoa besi, kilichobaki ni fuji, muziki wa Wayoruba wa sauti na ngoma nyingi. Panda ngazi moja utamkuta Wasiu Ayinde, ambaye watu wanamwita K1, panda tena utamkuta Sikiru Ayinde Barrister, ndo aliyeuanzisha huo muziki na kuupa jina, na jina lenyewe alilitoa kwenye picha ya mlima Fuji wa Japani aliyoiona uwanja wa ndege, akalipenda tu lilivyokaa mdomoni.

Lakini usiishie kwa Barrister. Panda ngazi moja zaidi, na hapa Mswahili yeyote aliyekulia pwani atasimama nywele. Kabla ya fuji Barrister alikuwa kijana anayeimba were, au wengine wanaita ajísààrì, na huo ni muziki wa vijana wa Kiislamu wanaozunguka mtaani usiku wa Ramadhani wakipiga ngoma na kuimba kuamsha watu wale daku. Daku! Wale wale wa Zanzibar na Mombasa na Kariakoo wanaopita saa tisa usiku na madebe na ngoma, "amka ule daku", wakaja kudai sikukuu yao Idi ikifika. Kule Ibadan na Lagos vikundi vya daku vikawa vinashindana nani mkali, vijana wakapata jina, mfungo ukiisha watu bado wanawataka kwenye harusi, na kutoka hapo ukazaliwa muziki unaojaza viwanja leo. Mi niliposoma hili nilikaa kimya muda mrefu nikiwaza wale vijana wa mtaani kwetu, maana sisi tukiwasikia tunageuka upande wa pili tunalala.

Kwaiyo unaposikiliza fuji tafuta vitu hivi: sauti inayovutwa na kukunjwa kwenye silabi moja kama mtu aliyepita madrasa, ngoma nyingi sana na hapo zamani bila gitaa kabisa, na muimbaji anayetaja majina ya watu waliopo ukumbini. Alafu rudi kwa Asake. Nakuahidi hutomsikia tena ulivyokuwa unamsikia.

Hayo ya kutaja majina tuyakalie kidogo, maana ndo moyo wa muziki wa Wayoruba na watu wa nje wanaona ni kujipendekeza kwa matajiri. Kuna kitu kinaitwa oríkì. Ni mashairi ya sifa, kila mtu anayo, kila ukoo unao, kila mji unao, hata miungu na wanyama, na mama anamuimbia mtoto oríkì yake asubuhi akimuamsha. Wenzetu Wahaya wakijisifu kwa vivugo mbele ya mkuu wataelewa haraka ninachosema. Mtu akiitwa kwa oríkì yake anaambiwa ametoka wapi na waliomtangulia walikuwa nani. Ndo maana muimbaji wa jùjú, muziki wa Wayoruba wa magitaa na ngoma, akimtaja mtu kwenye sherehe, mtu anasimama, anakwenda mbele anacheza taratibu na kumbandikia muimbaji noti kwenye paji la uso. Sisi tunasema kutunza, taarabu yetu inaishi kwa kutunza, kwaiyo hilo halihitaji maelezo. Tahadhari ndogo tu kama utaalikwa sherehe Lagos: sheria ya benki kuu yao ya mwaka 2007 imekataza kurusha na kukanyaga noti za naira na watu wameshitakiwa kweli, angalia wenyeji wanafanyaje kwanza.

Jùjú yenyewe ilianza miaka ya 1930 pale Lagos na kina Tunde King, gitaa na tari na watu wachache, baadae ngoma ya kubana ikaingia, I.K. Dairo akaongeza kodiani, mwaka 1963 Waingereza wakampa nishani ya MBE, alafu wakaja Ebenezer Obey na King Sunny Adé wakaifanya bendi kubwa yenye magitaa mengi. Kitu cha kusikiliza hapo ni kwamba magitaa yamejifunza kwa ngoma. Kila gitaa lina kipande kifupi chake, halitembei, linarudia, kama vile kila ngoma kwenye kundi ina kauli yake moja, na nafasi ya kuongea kwa uhuru ameachiwa mmoja tu. Ukilijua hilo utaacha kulalamika wimbo ni mrefu dakika 20.

Fela sasa. Najua mlikuwa mnamsubiri. Kwanza tutenganishe: Afrobeat bila s mwishoni ni muziki wa Fela Kuti na mpiga dramu wake Tony Allen, wa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na Afrobeats yenye s ni jina la jumla la pop ya Afrika Magharibi ya miaka hii. Sio kitu kimoja. Burna Boy ana damu ya kwanza hata kama anaimba ya pili, babu yake Benson Idonije aliwahi kuwa meneja wa Fela, kwaiyo kijana hakuokota yale masaksafoni barabarani.

Kwa Fela watu wanatafuta asili kwenye ngoma na wanakosa pahali penyewe. Fela alizaliwa Abeokuta mwaka 1938, babu yake mzaa baba alikuwa mchungaji, Josiah Ransome-Kuti, aliyerekodi nyimbo za dini kwa Kiyoruba huko London mwaka 1922. Na hii ni muhimu kwa sababu ya toni. Wamisionari walipoanza walichukua melodi za Kizungu wakabandika maneno ya Kiyoruba juu yake, melodi inapanda pale neno linaposhuka, maneno yakageuka maana, watu kanisani wanaimba kitu ambacho hakieleweki au ni aibu. Kizazi cha kina Ransome-Kuti kikaona hapana, wimbo lazima ufuate lugha. Kwaiyo mjukuu anapokuja kuimba miaka hamsini baadae anatoka kwenye nyumba ambayo suala la wimbo kufuata lugha lilishapiganiwa. Akalitupa jina la Ransome kwa kuwa aliona ni la kitumwa, akajiita Anikulapo, mtu mwenye kifo mfukoni mwake. Klabu yake akaiita Shrine, yaani mahali pa ibada, na kabla ya kupiga alikuwa anawaomba mizimu. Muite-nikuitikie yote ile, yeye anasema na wanawake wanajibu, ni ibada na ni baraza kwa pamoja. Na kuimba Kipijini, kile Kiingereza cha mtaani, alichagua ili mchuuzi wa Lagos na wa Accra waelewe, ndo maana askari walimwelewa pia, mwaka 1977 wakaichoma nyumba yake na kumtupa mama yake dirishani, Funmilayo, yule mama aliyekuwa ameongoza wanawake wa Abeokuta kupinga kodi. Mama alifariki mwaka uliofuata.

Sikiliza Fela hivi: dakika kumi za mwanzo usisubiri maneno. Hesabu ni vyombo vingapi vinasema kitu kimoja kile kile bila kuchoka, alafu msikilize Tony Allen, miguu na mikono minne inafanya kazi ambayo kijijini ingefanywa na watu wanne.

Upande wa mashariki kwa Waigbo funguo ni nyingine, chuma na filimbi. Ogene ni kengele mbili za chuma zilizounganishwa, zinapigwa kwa kijiti, na ọjà ni filimbi fupi ya mbao yenye sauti kali kama ya ndege, nayo inasema, maana Kiigbo nacho ni lugha ya toni: ákwá ni kilio, ákwà ni nguo, àkwá ni yai, àkwà ni kitanda. Mpiga ọjà anamwita mcheza kinyago kwa jina, anampandisha mori. Miaka ya karibuni utaisikia hiyo filimbi kwenye nyimbo nyingi za klabu, inatokea kwa sekunde nne tu na Waigbo wote ukumbini wanaruka, we unashangaa nini kimetokea. Kimetokea kwamba wameitwa.

Na hailaifu, muziki wa dansi. Ilitoka Ghana, ikashika Lagos miaka ya 1950, vita ya Biafra ya 1967 mpaka 1970 ikawarudisha wanamuziki wengi wa Kiigbo kwao na huko ikabadilika ikawa ya magitaa. Mnaijua Sweet Mother, hamna mtu wa umri wangu Afrika Mashariki asiyeijua, 1976, Prince Nico Mbarga, na mkisikiliza lile gitaa mtasikia Kongo mle ndani, halijifichi. Panda ngazi kama tulivyofanya: muimbaji Flavour alipata jina kwa kuufufua wimbo wa Rex Lawson, nyota wa zamani wa hailaifu aliyefariki kwa ajali mwaka 1971, na wale ndugu wawili The Cavemen wanaipiga hailaifu leo kwa gitaa la besi na dramu kama hakuna kilichopita.

Kaskazini kwa Wahausa napita haraka, na sio kwa dharau, ni kwamba mi bado nasikiliza. Mtafute Dan Maraya Jos, mtu mmoja na kigitaa cha uzi mmoja kinachoitwa kuntigi, alikuwa anaimba kuwasifu wabeba mizigo na watu wadogo wa mjini, na Mamman Shata na ngoma za kalangu, ambazo nazo ni za kubana. Maneno ya Kiarabu utayatambua njiani, hilo ni faida yetu.

Baada ya masikio, macho. Usiangalie video ya muziki wa Naijeria kama matangazo ya nguo.

Kile kitambaa cha buluu nzito chenye michoro myeupe ni àdìrẹ, na nyumbani kwake ni Abeokuta, mji ule ule wa Fela. Ni kazi ya wanawake. Kuna namna ya kufunga kitambaa kwa uzi wa ukindu kabla ya kukichovya kwenye nili, na kuna namna ya kuchora kwa unyoya wa kuku na uji mzito wa muhogo, pale penye uji rangi haiingii. Michoro ina majina. Mmoja unaitwa Ìbàdàndùn, maana yake Ibadan ni patamu, na ndani yake utaziona nguzo za ukumbi wa Mapo uliopo kule Ibadan, yaani wanawake waliliona jengo la serikali ya kikoloni wakaligeuza kuwa pambo lao. Mama Nike Davies-Okundaye amewafundisha watu wengi sana kazi hii, jumba lake la sanaa lipo Lekki, Lagos, ukipita nenda. Na ile batiki ya rangi nyingi za dukani Wanaijeria wanaiita Kampala. Kampala kabisa, ya Uganda. Ukienda sokoni Abeokuta ukaulizwa unataka adire au Kampala usidhani wanakuuliza kwenu wapi.

Nguo za harusi, wote wamevaa kitambaa kimoja, hiyo ni aṣọ ẹbí, na sisi tunaita sare, hamna cha kueleza.

Uli ndo ninaoupenda kupita yote. Wanawake wa Kiigbo walikuwa wanachora miili yao kwa maji ya mmea ambayo yanakuwa meusi kwenye ngozi na kufutika baada ya siku kadhaa, na walichora pia kuta za nyumba kwa udongo. Piko! Mdada yeyote wa Unguja au Lamu akiona picha za uli atashika kalamu. Tofauti ni kwamba uli hupenda kuacha nafasi, mstari mmoja mwembamba uliopinda na ngozi tupu kuzunguka. Sasa mwaka 1958 wanafunzi wa sanaa pale chuo cha Zaria, kina Uche Okeke, Demas Nwoko, Bruce Onobrakpeya, Yusuf Grillo, waliunda chama chao maana walichoka kufundishwa kuchora Kizungu tu, wakasema tutachukua cha kwetu na cha wageni tuvichanganye kwa hiari yetu. Okeke mama yake alikuwa mchoraji wa uli, akajifunza kwake, baada ya vita akaupeleka Chuo Kikuu cha Nsukka na kizazi kizima cha wachoraji kikatoka hapo. Ukiona mchoro wa kisasa wa Naijeria wenye mistari michache na weupe mwingi, jiulize kama mchoraji alipita Nsukka.

Na vinyago. Lágbájá ni mwanamuziki ambaye tangu miaka ya 1990 anapanda jukwaani uso umefunikwa kwa kitambaa, jina lake maana yake ni "fulani". Wageni wanadhani ni mbwembwe, lakini Myoruba akimwona anamwona egúngún, mhenga aliyerudi kwa wanae akiwa amefunikwa nguo mwili mzima, ambaye hutakiwi kumjua ni nani. Lágbájá anasema yeye ni fulani, yule mtu wa kawaida asiyekuwa na sura mbele ya serikali. Ukijua egúngún ni nini ndo unaelewa kwa nini uso uliofichwa unaweza kusema ukweli zaidi.

Mwisho kwa nyie maprodyuza wa huku, maana najua mnasoma. Sampo za ngoma ya kubana zipo bwelele mtandaoni na mnaziweka kwenye singeli na bongofleva. Sawa, lakini ile sampo inasema kitu. Inaweza kuwa jina la mtu, inaweza kuwa sifa ya mfalme, inaweza kuwa mdundo wa ngoma ya bàtá ambao ni wa Ṣàngó, mungu wa radi, au wa wahenga, na we umeukata katikati ukauweka kwenye tangazo la bia. Kabla hujautoa mtumie Myoruba mmoja tu umuulize. Dakika mbili. Na kama lugha ya bibi yako ina toni, jaribu kumpa mpiga filimbi sentensi zake tatu azipige kabla hujatafuta sampo ya mtu.

Kile kipande ulichokirekodi kwa mluzi, kumbuka. Mi cha kwangu nilikishika miezi mitatu, alafu siku moja nikampigia yule mama mlangoni kwake badala ya hodi. Kimya. Nikadhani nimekosea. Alafu akajibu kutoka ndani, kwa mluzi, sentensi iliyobaki, na akatoka anacheka machozi yanamtoka, akaniuliza nani amenifundisha oríkì ya watu wa mji wao.